Tume ya Kumjua Mjusi

Kisa hiki si cha hapa. Nalisema mapema, asije mtu kunigongea mlango kesho. Ni cha nchi moja ya mbali, haifikiki kwa miguu wala kwa gari, ingawa upepo ukivuma vizuri unaweza kuisikia ikihutubiwa. Atakayejiona humu ndani, shauri yake, mimi sikumwita.

Nchi hiyo ilijaliwa baraka ambayo wengine tumenyimwa: Serikali yake ilijua kila kitu. Ilijua mvua itanyesha lini, na isiponyesha ilijua mvua imekosea wapi. Ilijua watu wameshiba, hata kabla hawajala. Na ili kazi hii nzito ya kujua isiharibiwe na watu wasioisomea, ikatungwa Sheria ya Kutangulia Kujua. Raia atakayejua jambo kabla ya Serikali, kifungo miaka saba, na jambo lenyewe linafutwa.

Watu wakazoea. Ukimwuliza mtu njia ya kwenda sokoni, na tenga la nyanya liko kichwani pake, atakujibu, "Mimi sijui, ndugu yangu. Serikali ndiyo inayojua." Mwalimu akiuliza mbili na mbili ni ngapi, darasa zima linaitikia, "Kadiri Serikali itakavyoona inafaa!" na mwalimu anafuta ubao kwa furaha. Ile methali ya kuuliza si ujinga ilifutwa kwa tangazo, ikabaki ujinga si kuuliza, ambayo hakuna aliyejua maana yake, na huo ndio ulikuwa uzuri wake.

Basi mambo yakaenda hivyo, raha mustarehe, mpaka kilipoingia kitabu. Kilikuwa kitabu cha wageni, wale watu wanaozunguka dunia kuhesabu vyura na vipepeo wa wenzao. Ukurasa mmoja, chini kabisa, kwa herufi ndogo, uliandika kwamba juu ya Mlima Lukwega, kwenye manyasi na vichaka vya baridi, yupo mjusi mdogo ambaye *hajulikani vizuri*.

Mtukufu Kiongozi alisomewa ukurasa huo wakati wa chai. Akaweka kikombe chini.

"Hajulikani na nani?"

Waziri wa Wanyama alishikwa na kwikwi iliyomwandama siku mbili. Kabla jua halijazama ikawa imeundwa Tume ya Kumjua Mjusi, na mwenyekiti wake akawa Mheshimiwa Hezroni Kilatu, mtu mnene wa mwili na wa sauti, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza Tume ya Kuwajua Nzige. Tume hiyo ilifanikiwa sana. Nzige walijulikana wote, mmoja mmoja, mwezi mmoja baada ya kumaliza mahindi na kuondoka.

*

Chini ya Mlima Lukwega kuna kijiji kinaitwa Nyasinda, kaya themanini na ushee, na katika kijiji hicho aliishi Bi Tunsume, msusi wa vikapu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye mdomo usio na breki akiwa kwao na uliofungwa komeo akimwona mtu mwenye faili.

Vikapu vyake alivisuka kwa nyasi za juu mlimani, zile zinazoota kwa mafundo mafundo, kila fundo ukubwa wa mtungi. Na wakata nyasi wa Nyasinda walikuwa na utaratibu wao tangu enzi za mabibi. Hawashiki mundu mpaka jua lichome mgongo. Wakati wa kungoja, kila mmoja hugonga fundo lake kwa fimbo, mara tatu, na kusema, "Hodi, kaliweja." Kisha hukaa wakapiga soga.

Kaliweja ndiye huyo mjusi. Huko juu asubuhi hata maji ya kwenye kibuyu hushika barafu, naye hulala ndani ya fundo la nyasi amekakamaa kama kijiti. Mtu akitaka anamwokota kama anayeokota kuni. Mwanamke akikata nyasi mapema, anakata na mjusi. Bibi yake Bi Tunsume alimfundisha hayo akiwa na miaka sita, na hakumwachia urithi mwingine zaidi ya huo na mundu. Hakuna mwanamke Nyasinda asiyemjua kaliweja. Na hakuna mwanamke Nyasinda ambaye angekubali kwamba anamjua, kwa sababu ukimjua, nani amekwambia?

Tume ikaja na magari tisa, ving'ora na vipaza sauti. Ikapanda mlima hadi pale barabara inapokoma, ikasimama, ikatangaza:

"Mjusi! Mjusi wa Mlima Lukwega! Jitokeze kwa hiari yako! Hutadhurika!"

Mjusi hakujitokeza. Siku ya pili walimtangazia kwa lugha tatu. Siku ya tatu wakampigia wimbo wa taifa, wakidhani angalau atasimama. Wapi! Jioni Mheshimiwa Kilatu akashuka kwenye nyumba ya wageni ya Serikali, kule bondeni kwenye joto, akavua viatu, akatoa uamuzi wa kisayansi.

"Amejificha. Na mwenye kujificha ana la kuficha."

Katibu wa Tume, Bwana Zefa, kijana mkavu aliyependa kupigia mstari maneno, akayapanga makosa: anaishi karibu na mpaka bila kibali; ana rangi ya majani makavu, yaani amevaa sare isiyo ya jeshi letu; tena kitabu cha wageni chenyewe kinakiri kwamba akikamatwa mkia anauacha na kukimbia, yaani anaharibu ushahidi. Hukumu ikatoka kabla ya chakula. Vichaka vyote vya juu na manyasi yake vichomwe moto, ili mjusi atoke ajulikane.

Koplo Lutengano na askari kumi na wawili wakapewa mienge na mapipa ya petroli, wakaambiwa wakae juu wakitazama uwanja wa shule. Alhamisi saa sita mchana, bendera nyekundu ikipanda, wachome. Ikipanda nyeupe, washuke. Lakini kwa kuwa nchi hiyo ni ya sheria, asubuhi hiyohiyo kingefanyika kikao cha wananchi, ili kama yupo raia anayemjua mjusi, ajitaje.

*

Tangazo lilipobandikwa, wanawake wa Nyasinda walikutana chemchemi, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na soga. Maji yale yalikuwa yanazaliwa kulekule vichakani. Ukungu unanasa kwenye matawi, unadondoka tone tone, unazama, unatokea bondeni ukiwa chemchemi. Ukichoma vichaka umechoma kisima, na hilo hata mtoto wa kubebwa mgongoni alilijua, kimyakimya.

"Nitasema," Bi Tunsume alisema.

Mama Sekela, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akatua ndoo. "Utasema nini?"

"Kwamba namjua. Akijulikana hawachomi. Si ndivyo walivyoandika?"

"Na miaka saba je? Tunsume, una akili wewe? Una wajukuu wanne mle ndani. Nyamaza kama sisi."

"Na hao wajukuu watakunywa nini? Watakunywa kunyamaza kwangu?"

"Afadhali kiu. Mwenye kiu huhama. Mfungwa anahamia wapi?"

Bi Tunsume akajitwika ndoo yake. Alikuwa na hofu, tusidanganyane. Usingizi wa siku mbili zile aliupata kwa kuuibaiba. Alhamisi ilipofika alivaa kanga yake nzuri, akawaachia wajukuu uji, akaaga kama mtu anayekwenda kliniki.

*

Uwanjani palikuwa na turubai, meza kuu yenye kitambaa cheupe cha kufumwa, soda zimepangwa, na mlingoti. Chini ya mlingoti alisimama askari mwenye bendera nyekundu begani. Juu mlimani ukiangalia vizuri ungewaona watu wa Koplo Lutengano, wadogo kama siafu, wamejipanga ukingoni mwa vichaka.

Kikao kilianza saa tatu kwa hotuba. Mheshimiwa Kilatu alizungumza kwa saa moja na nusu juu ya umuhimu wa kutopoteza muda. Kisha wakaanza kuitwa mashahidi.

Wa kwanza alikuwa Mzee Ambilikile, mchunga kondoo, aliyelala mlimani miaka arobaini.

"Mzee, unamjua mjusi wa Mlima Lukwega?"

"Mjusi ndiyo nini, Mheshimiwa?"

"Mnyama mdogo. Ana mkia."

"Aa. Mkia huo Serikali ndiyo inaujua. Mimi nilikuwa naangalia kondoo."

Watu wakampigia makofi kwa uzalendo, na Bwana Zefa akaandika: *Hamjui.* Akafuata Mama Sekela, hamjui. Akafuata mwalimu mkuu, ambaye alisema si kwamba hamjui mjusi tu, hata mlima wenyewe anausikia. Kila mmoja alijibu kama alivyofunzwa tangu utotoni, kwa adabu na haraka, na kila jibu likawa kijiti kingine kwenye moto. Ukitaka kuona watu waliojichimbia kaburi kwa nidhamu, ungekwenda Nyasinda Alhamisi ile. Saa tano na nusu walikuwa wameshajibu sabini na wanane, na Mheshimiwa alikuwa anatabasamu.

"Basi imethibitika," alisema. "Mjusi hana ndugu, hana jirani, hana mdhamini. Askari, kaa tayari."

Askari akaikunjua bendera. Bi Tunsume aliona ile nyekundu ikifunguka, na miguu ikamwinua kabla hajaiamuru.

"Mimi namjua."

Mama Sekela alimvuta kanga chini kwa nguvu hata ikafunguka kiunoni, na Bi Tunsume akaifunga tena huku amesimama.

Bwana Zefa aliinua kalamu taratibu, kama paka aliyesikia kitu kwenye gunia. "Unamjua. Vizuri sana, mama. Tangu lini?"

Hapo ndipo palipotegwa mtego, na kila mtu aliuona. Akisema tangu utoto, ni miaka saba. Akisema tangu leo, ni mwongo na mlima unawaka. Akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza sindano, na jicho lake likatua kwenye bango bovu la bati lililokuwa limeegemea ukuta wa shule tangu zamani.

"Tangu Serikali iliponifundisha," akasema.

"Nini?" akasema Mheshimiwa.

"Bango lile pale, Mheshimiwa. *Ni marufuku kukata nyasi za mlimani kabla ya saa tatu asubuhi. Kwa amri.* Liliwekwa na Bwana Misitu, mimi nikiwa mwari. Serikali ilikataza kwa sababu ya mjusi huyo, asikatwe na mundu. Sisi ni watu wa porini, tungemjulia wapi? Serikali ilimjua zamani, ikatufunza, nasi tukashika."

Vichwa vyote viligeuka. Bango lilikuwepo kweli. Bwana Misitu yule aliliweka kwa sababu alikuwa mlevi, hakutaka kuamka mapema kukagua vibali. Wazee wote waliokuwa uwanjani pale walikumbuka mpaka jina la kilabu alichokuwa akilala. Lakini nani angesema?

"Kwa hiyo," Mheshimiwa Kilatu alianza polepole, na jasho likamchuruzika shingoni maana aliona shimo lililokuwa mbele yake, "Serikali ilikuwa inamjua."

"Inamjua sana, Mheshimiwa. Urefu wake kidole hiki cha kati, ukiacha mkia. Mgongo rangi ya nyasi kavu, una madoa meusi mistari miwili. Tumbo la njano, kama kiini cha yai la kienyeji. Tena hatagi. Huzaa watoto wazima, sita, saba, maana yai kule juu lingeganda. Anawabeba tumboni na kuota nao jua kutwa nzima, amejitandaza kwenye jiwe kama mama anayeanika uwele." Sauti ilikuwa imempanda, uso umemchangamka, kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anayasema mbele za watu. "Naye anaitwa kaliweja."

"Na hiyo saa tatu?" Bwana Zefa aliuliza akiandika mbiombio. "Kwa nini kabla ya saa tatu asikatwe? Kabla ya saa tatu anakuwaje?"

Bi Tunsume alifungua mdomo. Akaiona ncha ya ile kalamu ikimngoja. Akajiona anavyomvua kaliweja nguo kipande kipande mbele ya watu hawa.

"Hilo sikuulizwa, mwanangu," akasema. "Serikali iliamuru, mimi nikatii."

Mheshimiwa Kilatu akasimama. Alikuwa ameshapata pa kupitia. "Wananchi!" akanguruma. "Serikali ilimjua mjusi huyu zamani! Mimi binafsi nimemjua tangu nikiwa mdogo! Kikao hiki kilikuwa mtihani tu wa kuwapima, na mama huyu amefaulu!"

Makofi yakarindima. Katikati ya makofi Mama Sekela akapiga ukelele, "Bendera!"

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne, na yule askari, mtiifu wa amri yake ya kwanza, alikuwa ameshaifunga nyekundu kwenye kamba na kuanza kuivuta.

"Shusha!" Mheshimiwa akaamuru. "Pandisha nyeupe!"

"Nyeupe hatunayo, afande," alisema askari. "Serikali hii haijawahi kusalimu amri. Nyeupe haikutengenezwa."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akatoa leso, ndogo mno, tena ya kijivu kwa matumizi. Mwingine akasema kitambaa cha mezani kingefaa, lakini ni mali ya Serikali, kinahitaji fomu, na mwenye fomu yuko makao makuu. Wakaanza kujadili kama fomu inaweza kujazwa baadaye kwa tarehe ya leo. Bi Tunsume aliangalia mlimani. Palikuwa pameinuka uzi mwembamba wa moshi.

Liwalo na liwe! Akakishika kile kitambaa kwa mikono miwili, akavuta. Soda zikaruka, jagi likamwagikia faili la Bwana Zefa, kipaza sauti kikapiga kelele kama mbwa aliyekanyagwa. Akakimbia nacho hadi mlingotini, na yule askari, sijui kwa nini, akamsaidia kuishusha nyekundu na kukifunga. Kikapanda, kimejaa madoa ya soda, kikapepea.

Watu wote walitazama juu. Moshi ulisimama. Ukapinda kidogo. Kisha ukakatika.

Bi Tunsume aliketi chini palepale kwenye vumbi, akalia kwa sauti kama mtoto.

*

Ingekuwa nchi nyingine, kisa kingeishia hapo. Lakini Mtukufu Kiongozi alifurahi, na kiongozi akifurahi ndiyo wakati wa kuogopa. Aliamuru kila ofisi ya mkoa, zote arobaini, iwekewe mjusi mmoja ndani ya chupa, mezani, ili asije akawa hajulikani tena.

Wiki mbili baadaye Mheshimiwa Kilatu akarudi Nyasinda na chupa arobaini. Akamwita Bi Tunsume mbele ya wanakijiji, kwa upole wa kutisha.

"Mama yetu. Wewe ndiye mtaalamu. Anakamatwaje?"

"Simjui anavyokamatwa, Mheshimiwa."

"Ulisema unamjua. Imeandikwa!"

"Nilisema najua kile Serikali ilichonifundisha. Hilo la kumkamata Serikali haikunifundisha. Sasa Serikali ikiwa haijui, mimi nitajuaje? Si nitakuwa nimetangulia?"

Mahali pengine wangecheka. Hapo hakuna aliyecheka. Shingo ya Mheshimiwa ilivimba ikawa sawa na kichwa. Hakuweza kusema Serikali haijui, na hakuweza kusema inajua.

"Kesho kutwa," alisema mwishowe, karibu kwa kunong'ona. "Arobaini mezani, saa nne. Nitaletewa na Koplo Lutengano, nawe utathibitisha kuwa ndio, mbele ya watu wako. Wasipopatikana, au ukisema sio, moto. Safari hii bila kikao."

Asubuhi iliyofuata Bi Tunsume alipanda mlima na kikapu kipya. Alijiambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Arobaini si wengi. Kwa baridi ile wangejaa kikapuni kabla jua halijatoka. Akafika kwenye fundo la kwanza, akapiga magoti bila kupiga hodi, akaingiza mkono. Akamtoa mmoja, amekakamaa, baridi kama kijiko. Alikuwa mzito tumboni. Bi Tunsume alimfumbata akakaa naye, na joto la kiganja likamwingia yule mnyama taratibu, kidole kimoja kikachezacheza, kisha kingine, kisha jicho likafunguka likamtazama.

"Siwezi," akamwambia. "Ewe bibi yangu, siwezi mimi."

"Mrudishe, mama."

Akaruka. Nyuma yake alisimama Koplo Lutengano, koti lake limejaa umande, na gunia tupu mkononi. Hakuwa kijana, wala hakuonekana mtu wa maneno mengi.

"Siku ile ya moto," Koplo alisema, akitazama pembeni, "nilikuwa nimeshawasha mwenge wangu, sikungoja bendera. Nikainama niuchomeke. Mmoja kama huyo alikuwa kwenye jiwe, anazaa. Anazaa, mama, na mimi nimesimama na moto. Nikauzima kwa buti. Bendera yenu niliiona baadaye."

Bi Tunsume akamrudisha kaliweja ndani ya fundo, akamfunika kwa nyasi.

"Nenda nyumbani," Koplo akasema. "Hao arobaini nitawatafuta mimi. Usiniulize wapi."

"Sikuulizi, mwanangu. Mimi sijui kitu."

*

Ijumaa saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Chupa arobaini zilipangwa kwenye meza kuu, safari hii bila kitambaa. Mheshimiwa Kilatu akatoa hotuba, akainua chupa ya kwanza juu, na jua likapita ndani yake.

Ndani alikuwemo mjusi kafiri. Yule yule wa darini, mweupe wa kufifia, macho yamemtoka, vidole vya kunata ukutani. Thelathini na tisa wengine walikuwa vivyo hivyo. Koplo Lutengano alisimama mkakamavu kando ya meza, na kola yake ilikuwa na utando wa buibui wa dari ya nyumba ya wageni ya Serikali.

Nyasinda nzima ilimtambua. Hata watoto walimtambua. Mmoja alifungua mdomo na mama yake akauziba kwa kiganja. Mheshimiwa Kilatu mwenyewe aliitazama chupa kwa muda mrefu kupita kiasi, maana kila usiku alikuwa akiwapiga kwa ndara juu ya kitanda chake. Kope zikamcheza. Lakini hakusema neno, kwani alishatangaza kwamba anamjua mjusi tangu utoto.

Bwana Zefa ndiye aliyefungua faili, lililokuwa bado limejikunja kwa soda. "Imeandikwa tumbo la njano," alisema. "Huyu tumbo lake si la njano."

"Amepauka kwa safari," Koplo akasema.

"Imeandikwa madoa meusi."

"Safari ilikuwa ndefu."

Bwana Zefa alimgeukia Bi Tunsume, na uwanja wote ukamgeukia pamoja naye. "Mama. Tunataka neno lako. Huyu ndiye?"

Aliletewa chupa mkononi. Alimtazama yule mjusi kafiri maskini, kisha akawatazama wajukuu wake wanne waliokuwa wamekaa mstari wa mbele, wale aliowafundisha mwaka jana tu, huko juu, rangi ya tumbo la kaliweja ikoje. Walikuwa wanamtumbulia macho. Akisema siye, vichaka vinawaka leo. Akisema ndiye, basi kuanzia leo ndiye, vitabuni, shuleni na midomoni mwa wajukuu hawa, na yale aliyoachiwa na bibi yake atakufa nayo. Aliona uchungu ambao hakuuona hata siku ile alipoikabili miaka saba.

"Ndiye yeye, Mheshimiwa."

Mjukuu mkubwa akainamisha kichwa.

"Una hakika?" Bwana Zefa akauliza, kalamu juu ya karatasi.

Bi Tunsume aliirudisha chupa mezani, akafuta mikono kwenye kanga, akamtazama Mheshimiwa Hezroni Kilatu machoni, na Mheshimiwa naye akamtazama.

"Namjua huyu," alisema, "kama ninavyoijua Serikali yangu."

Kisha Mheshimiwa akaanza kupiga makofi, na wote wakapiga. Bwana Zefa aliyaandika maneno hayo yote bila kupunguza, akayapigia mstari, na mpaka leo yamebandikwa katika ofisi zote arobaini za nchi ile, kwenye karatasi nzuri, chini ya chupa.